Lundo Linanuka, Mchicha Umekuwa Njano: Chanzo Kitafute Ndani ya Nyumba

Mtu akiniambia mboji imemshinda, huwa namuuliza kwanza jana usiku kwake kulipikwa nini, nani aliosha vyombo na ndoo ya mabaki ilitolewa na nani. Dalili zinaonekana uwani, lakini chanzo mara nyingi kimekaa jikoni au bafuni, na ukikimbilia duka la pembejeo kabla ya kukijua utanunua dawa na shida itabaki palepale.

Sisi tunaishi Mbagala, Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha mchanga mtupu. Nyumba ina watu saba: mimi na mume wangu, watoto watatu, mama mkwe, na dada anayetusaidia kazi. Tuna lundo la mboji nyuma ya bafu, vitanda vitatu vya mboga, viroba vya mchicha na sukuma wiki, migomba miwili, na pipa la lita 200 la kukinga maji ya mvua. Kila kimoja kati ya hivyo kimeshawahi kutuharibikia. Yafuatayo ndiyo ninayoyaangalia, kwa mpangilio wa malalamiko ninayoyasikia zaidi.

Lundo linanuka

Kabla ya kulifukia, inama ulinuse vizuri. Harufu zipo za aina tofauti na kila moja ina maana yake.

Likinuka kama mayai viza au mtaro uliosimama, limekosa hewa. Vijidudu vinavyoozesha taka bila harufu vinahitaji hewa; hewa ikikatika, nafasi yao inachukuliwa na vile visivyoihitaji, na hivyo ndivyo vyenye uvundo. Hewa hukatwa na maji. Chukua konzi ya mboji kutoka katikati, ikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, unyevu unatosha. Yakitiririka hadi kwenye kiwiko, umezidisha. Isipotoa kitu na ikapukutika kama pumba, ni kavu.

Kwetu ilitiririka. Nilihangaika wiki nzima nikidhani ni mvua, nikafunika kwa turubai, harufu ikazidi. Siku moja nikasimama mlangoni jioni na kumwangalia dada akisafisha jikoni. Alikuwa anatia maganda kwenye ndoo, anasuuzia sufuria humohumo, anamalizia na maji aliyooshea mchele, kisha anapeleka ndoo nzima na kuimwaga. Hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Sisi tulimwambia "peleka mabaki kwenye lundo," naye akapeleka. Tuliweka ndoo mbili, moja ya maganda, nyingine ya maji, na ya maganda tukaitoboa matundu kitakoni na kuikalisha juu ya beseni kuukuu. Uvundo uliisha ndani ya siku nne.

Lundo ambalo tayari linavunda linatibika hivi: lipindue lote kwa uma au koleo, na kila tabaka ulilegeze kwa vitu vikavu, mfano majani makavu ya mwembe, mabua yaliyokatwakatwa, maranda kutoka kwa fundi seremala, au boksi lililochanwa vipande. Kipimo changu ni cha ndoo: ndoo moja ya mabaki mabichi ya jikoni hupewa ndoo mbili hadi tatu za vikavu. Vitabu vya kilimo hulipima hili kwa uwiano wa kaboni, inayotoka zaidi kwenye vikavu, na nitrojeni, inayotoka zaidi kwenye vibichi: sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni, na ndoo zangu zinaangukia karibu na hapo bila mtu kupiga hesabu.

Harufu kali inayochoma pua na kutoa machozi, kama choo cha stendi, ni amonia. Hapo vibichi vimezidi, na mara nyingi mhusika ni mbolea ya kuku iliyomwagwa mbichi kutoka bandani. Kinachokuchoma pua ni nitrojeni inayoondoka hewani, yaani chakula chenyewe cha mboga kinapotea. Dawa ni ileile ya vikavu, lakini usiongeze majivu. Watu wengi hukimbilia majivu kuua harufu. Majivu juu ya mbolea mbichi huzidi kuifukuza amonia. Majivu ya jikoni ni mazuri kidogo kidogo, konzi moja moja, yakisambazwa.

Harufu ya uchachu kama togwa lililolala ni ndogo. Mara nyingi ni chicha la nazi au maganda ya matunda yaliyorundikwa pamoja. Tawanya, changanya, endelea.

Lundo limekaa miezi na halioziki

Chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo, kiache humo robo saa, kichomoe na ukishike. Kikiwa cha moto na kimelowa kidogo, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kimelowa chapachapa, rudi kwenye sehemu ya harufu hapo juu. Mabwana shamba wanafundisha kijiti hiki vijijini na sijaona kipimo kinachokishinda.

Kikiwa baridi ilhali unyevu uko sawa, angalia ukubwa wa lundo. Ili lipate joto la kweli, nyuzi 55 hadi 65, lundo linatakiwa lifike kama mita moja kila upande na lijengwe kwa mkupuo. Familia inayotoa ndoo moja kwa siku haifiki huko, na hilo lisikukatishe tamaa. Lundo dogo huoza pia, polepole, miezi minne hadi sita kwa hali ya hewa ya pwani. Unachokosa ni joto la kuua mbegu za magugu. Kwa hiyo kwenye lundo la polepole usitupe magugu yaliyotoa mbegu, na ndago usiitupe kabisa, maana vile viazi vyake vidogo vitakurudia kwenye kitanda vikiwa na afya kuliko mchicha wako. Sisi ndago tunaianika juu ya bati hadi ikauke kabisa.

Vifuu na makumbi ya nazi havitaoza kwa ratiba yako. Vitoe. Makumbi yanafaa chini ya kiroba kuhifadhi unyevu, vifuu vinafaa jikoni.

Funza, nzi, panya

Ukifunua lundo ukakuta funza wanene wa rangi ya kijivu au kahawia, wenye mwili uliogawanyika kwa mistari na wanaotembea taratibu, usishtuke. Hao ni watoto wa nzi askari mweusi. Nzi wao mkubwa hatui kwenye chakula chetu, na funza wenyewe wanamaliza mabaki haraka ajabu. Binti yangu wa darasa la tano huwachota kwa kopo kila Jumamosi na kuwapelekea kuku. Kuku wanamjua kwa hatua zake.

Funza wadogo weupe waliochongoka upande mmoja ni wa nzi wa nyumbani, na hao wanakuambia kuna kitu kimeachwa wazi juu. Kila ndoo inayomwagwa ifunikwe papo hapo kwa majani makavu, unene wa kiganja. Hilo peke yake linamaliza nzi.

Panya ni jambo zito zaidi, kwa sababu huleta magonjwa na wakishazoea lundo watazoea na stoo. Panya havutwi sana na ganda la ndizi. Anafuata wali, ukoko, ugali, mifupa na utumbo wa samaki. Hapa nilikuwa na mvutano wa muda mrefu na mama mkwe, ambaye hawezi kuona ukoko ukitupwa kwenye taka. Kwake hiyo ni kufuru, na namwelewa. Tulikubaliana ukoko uloweke, upewe kuku asubuhi. Utumbo wa samaki unafukiwa futi moja na nusu chini ya mgomba, siku hiyohiyo, na jiwe linawekwa juu kwa ajili ya paka. Kinyesi cha paka na mbwa, na nepi za mtoto, havikanyagi kwenye lundo la mboga kwa hali yoyote.

Mboji imeiva lakini imejaa nailoni

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya ilitangulia Agosti 2017, na rambo kweli zimepungua mitaani. Lakini vimfuko vyepesi vya barafu, ubuyu na karanga vipo kila kona, na vina tabia ya kujikunja ndani ya ganda la ndizi. Mboji yetu ya kwanza niliipepeta kwa chekecheke la mchanga la fundi, nikatoa bakuli zima la nailoni. Watoto waliangalia lile bakuli, na hawakuhitaji hotuba.

Chanzo kilikuwa ndoo moja jikoni inayotumiwa kwa kila kitu. Tukaweka ndoo ya pili ya nailoni na makopo, tena mahali ambapo mtoto anakula barafu, yaani barazani, siyo pale ambapo mimi ningependa ikae. Pakiti ndogo za chai zenye uzi nazo zichunguze, baadhi zimetengenezwa kwa plastiki. Majani ya chai ya kawaida hayana shida.

Mchicha umekuwa njano

Usiangalie mchicha mzima, angalia njano imeanzia wapi.

Njano ikianza kwenye majani ya chini, yale ya zamani, na mmea umedumaa, ni njaa ya nitrojeni. Mmea unanyonya chakula kutoka majani ya zamani kulisha machanga. Sababu ya kwanza ni mchanga kama wetu usiohifadhi kitu. Sababu ya pili, ambayo watu hawaishuku, ni mboji iliyowekwa kabla haijaiva: vijidudu vinavyoendelea kuozesha mabua hula nitrojeni ya udongo kwanza na mboga inabaki na njaa. Mboji iliyoiva hunukia kama udongo baada ya mvua ya kwanza na huwezi tena kutambua kilichoingia humo. Ukiona ganda la kitunguu bado ni ganda la kitunguu, subiri.

Njano ikianza kwenye majani machanga ya juu, huku mishipa ya jani imebaki kijani, hapo madini ya chuma hayapatikani. Chuma mara nyingi kimo udongoni ila mmea haukifikii, kwa sababu udongo umekuwa na magadi mno. Uliza nani anamwaga majivu hapo. Kwetu ilikuwa kona moja ya kitanda, iliyo karibu na jiko la mkaa. Kila asubuhi majivu yalimwagwa palepale kwa sababu ni karibu. Tulihamisha majivu, tukaongeza mboji, na zao lililofuata lilitoka kijani.

Kingo za majani zikiungua kuwa kahawia, huku juu ya udongo kuna utando mweupe, au maji yanasimama kabla ya kuzama, fikiria chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, kwa hiyo onja maji yako kwanza. Kama ni matamu, nenda kwenye karo la kufulia.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kutumia tena maji ya kufulia ni tabia nzuri ambayo ikifanywa vibaya inaua bustani, na mtu akishaua bustani mara moja hairudii tena tabia hiyo. Sabuni ya unga ina chumvi za sodiamu. Maji ya kwanza, yale yenye povu na uchafu, ndiyo yenye nyingi. Maji ya kusuuza ya mara ya pili yana kidogo sana. Tenganisha hayo mawili. Maji ya povu mwaga chooni, yatafanya kazi ya kusukuma. Maji ya kusuuza peleka kwenye migomba na mipapai, ambayo ina kiu kubwa na matunda yake yako juu, mbali na maji hayo. Usimwagie mboga za majani, hasa zile za kuliwa mbichi kwenye kachumbari. Usiyaweke ndooni hadi kesho, yatanuka. Na siku mliyotumia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe au mliyofua nepi, maji yote yaende chooni, bila mjadala.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mwagiliaji wetu wa Jumapili, na alikuwa akibeba ndoo za povu kwa moyo mweupe kabisa hadi kwenye kitanda cha sukuma wiki. Nilipomwonyesha kingo za majani alinyamaza, akashika jani moja, akalipindua, akasema, "Kumbe ni mimi." Siku hiyohiyo alipaka rangi nyekundu kwenye ndoo ya povu ili mtu yeyote, hata mtoto, asikosee. Kitanda chenyewe tulikisafisha kwa kukimwagia maji matamu mengi siku tatu mfululizo, chumvi ikashuka, kisha tukaongeza mboji. Kwenye mchanga hilo hufanya kazi upesi. Mwenye udongo wa mfinyanzi atangoja zaidi, pengine hadi masika imsaidie.

Miche inaanguka

Tazama shina linapoingia udongoni. Likiwa jembamba kama uzi na limeoza, ni kinyausi, ugonjwa wa fangasi unaopenda miche iliyobanana na udongo unaolala na maji. Punguza miche, mwagilia asubuhi tu. Likiwa limekatwa kama kwa wembe na mche umelala pembeni, ni sota, kiwavi anayejificha udongoni. Mfukue mchana kwa kidole, sentimita mbili tatu chini ya mche uliokatwa, utamkuta amejikunja. Kila mche mpya uvalishe pete ya chupa ya plastiki iliyokatwa, uizamishe kidogo ardhini. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua ambayo wanangu wote watatu wanaigombania.

Vidukari chini ya majani vipigie maji kwa nguvu siku mbili tatu kabla ya kufikiria dawa. Vikirudi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ya kipande, nyunyiza jioni, maana jua huiharibu haraka.

Nyanya zinaoza kitako

Doa jeusi lililobonyea chini ya tunda halitokani na mdudu wala fangasi. Madini ya kalisi (kalsiamu) hayakulifikia tunda, na kalisi husafiri na maji. Nyanya inayokaa na kiu Jumatatu hadi Ijumaa kisha ikafurikishwa Jumamosi watoto wakiwa nyumbani itapata doa hilo. Mwagilia kiasi kilekile kila siku na tandaza majani makavu chini. Mchwa wakija kula matandazo, yaloweshe na uyasogeze mbali kidogo na shina.

Mbu wameongezeka tangu tuweke pipa

Hili lisichukuliwe kimzaha. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza huuma mchana na hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, yaani pipa lako hasa. Anataga ukutani juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji yapande. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Sugua kuta za ndani kwa brashi kila wiki. Mdomo wa pipa uzibwe kwa kipande cha chandarua kilichokazwa kwa mpira wa tairi, bila mwanya. Kisha zunguka uwani: visahani vya maua, kopo la kuku, tairi, vifuu vilivyokaa mdomo juu. Mama mkwe ameichukua kazi ya vifuu, na kila jioni akitoka kuswali anavipindua kimoja kimoja.

Jirani analalamika moshi

Mwembe wetu unaangusha majani mwaka mzima, na kwa miaka tuliyafagia kwa fagio la chelewa, tukayakusanya na kuyachoma kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Jirani ana mtoto mwenye pumu. Hakuja kugomba, alikuja kuomba, na nikaona aibu mbele yake.

Chanzo hapa ni kwamba majani hayakuwa na mahali pa kwenda. Sasa majani hayo yanaishia kwenye viroba vya salfeti, vinne au vitano, vikiwa vimefungwa mdomo na kupangwa ukutani kando ya lundo, mahali pasiponyeshewa. Hivyo ndivyo vikavu vyangu vya ndoo mbili hadi tatu, vile ambavyo mtu mwenye lundo linalonuka huniambia hana pa kuvipata. Kama wewe ndiye huyo, uliza kwenu nani anafagia uwanja na anapeleka wapi anachofagia, kisha mpe kiroba kabla hajawasha kiberiti.